Raundi Ishirini na Saba: Maswali Yenu Kuhusu Mbio Ndefu Bustanini

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Dar es Salaam, na kilio chao ni kimoja. Mtu ana mazoezi ya saa mbili mbele yake, na nafasi aliyonayo ni bustani au ufukwe uliojaa watoto, wauza maji, wapiga picha na vikundi vya jogingi. Tumechagua maswali sita ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Habari za kazi, ndugu wahariri. Najiandaa na nusu marathoni ya Moshi, na Jumapili hii nimepangiwa kilomita 18. Nakimbilia bustani ya Mnazi Mmoja kwa sababu ni jirani na nyumbani, lakini njia ni fupi na watu ni wengi. Saa yangu ya GPS nayo kila raundi inatoa umbali wake: mara mita 630, mara 690. Nihesabu vipi? Na je, kuzunguka huku kuna faida yoyote? – Msomaji, Ilala

Faida ipo, kaka, tena kubwa. Mwili haujui kama umekwenda Kibaha au umezunguka mnazi mmoja. Unachojua ni muda ambao moyo umefanya kazi na miguu imebeba uzito. Kwa hiyo kilomita zako zigeuze kuwa dakika. Kama mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi ni dakika 7 kwa kilomita, basi kilomita 18 ni dakika 126. Kimbia saa 2 na dakika 6 kwa mwendo huo, na kazi ya siku imekwisha, hata saa ikikuandikia 17.2 au 18.9.

Saa yako haijaharibika. Mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za maghorofa kabla ya kuifikia, na majani ya miti mikubwa nayo huyadhoofisha. Zaidi ya hapo, saa huweka nukta kila baada ya muda mfupi na kuziunga kwa mstari ulionyooka, hivyo kona kali inakatwa. Kwenye barabara ndefu kosa hilo halionekani. Kwenye raundi ya mita 660, kosa la mita 30 ukilirudia mara 27 ni mita 810 hewani.

Ukitaka umbali wa kuaminika, tumia baiskeli. Chora alama ya chaki kwenye tairi, iguse chini, sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini, kisha pima urefu huo kwa futi kamba ya fundi. Baiskeli kubwa ya kawaida hutoa kama mita 2.2. Izungushe bustani nzima ukipita palepale unapokimbilia, ukihesabu mizunguko ya tairi. Ikiwa mizunguko ni 300, raundi yako ni mita 660, na kilomita 18 ni raundi 27 na kipande. Kazi hiyo unaifanya mara moja tu. Kuhesabu raundi kwa kichwa hakuaminiki ukishachoka, kwa hiyo vaa rababendi tisa mkono wa kushoto na kila baada ya raundi tatu hamishia moja mkono wa kulia. Zikiisha zote, umefika 27.

Sasa tuje kwenye watu, maana hapo ndipo mazoezi mengi yanapoharibika. Ukimkwepa mtoto unapoteza sekunde mbili. Hilo si tatizo. Tatizo ni kuzifidia, yaani kuongeza kasi mara tu njia inapofunguka. Kila kufidia kunapandisha mapigo ya moyo, na ukifanya hivyo mara themanini ndani ya saa mbili, mbio zako za pole zimegeuka mazoezi ya kasi usiyoyapanga. Jumatatu utaamka na miguu mizito na kusingizia umri. Ukizuiwa, punguza. Njia ikifunguka, rudi kwenye mwendo uleule na si zaidi.

Januari jua la Dar huchomoza kama saa 12 na robo. Ukianza saa 11 kamili alfajiri, unamaliza saa 1 na dakika chache. Tunashauri saa ya kwanza uimalizie bustanini, sehemu yenye taa, wakati bado pana nafasi. Kukishapambazuka toka uelekee baharini, ushike barabara ya Barack Obama mpaka Daraja la Tanzanite, kisha urudi. Jumapili muda huo magari bado ni machache. Daraja lenyewe, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, njia ya waenda kwa miguu na upepo wa kutosha. Kaskazi itakupiga usoni ukielekea Coco Beach na kukusukuma mgongoni ukirudi. Kwenye kurudi ndiko joto linakokamata, kwa sababu hewa haikupepei tena. Weka maji ya kujimwagia kichwani kwa ajili ya kipande hicho.

Kama mbio yako ndefu ya mwisho ilikuwa kilomita 12, usiruke kwenda 18. Ongeza kilomita moja au mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza kwa robo ili mifupa na kano zipate kujijenga. Kwa nusu marathoni, ukifika 18 au 20 inatosha, na mbio ndefu ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Moshi kuna mlima wa kwenda na mteremko wa kurudi, na Mnazi Mmoja ni tambarare kama sinia. Mara moja kwa wiki nenda Mlimani, eneo la Chuo Kikuu, ukapande na kushuka kwa dakika 30. Mteremko ndio unaoumiza mapaja kuliko kupanda, basi nao ufanyie mazoezi.

Wanangu, hamjambo? Nina miaka 54, na kwa mwaka wa pili sasa nakimbia kila Jumamosi kwa saa moja na nusu kwenye njia ya pevingi. Goti la kushoto linaniuma upande wa nje kuanzia dakika ya 50 hivi. La kulia halina neno. Raba zangu ni za mtumba lakini soli yake bado nzima kabisa. Kabla ya kutoka nameza kidonge cha diklofenaki na maumivu yanapungua. Naendelea vizuri? – Mama, Kinondoni

Shikamoo, mama. Tunaanza na hicho kidonge, kwa sababu ndicho kinachotutia hofu. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayopita kwenye figo. Mbio ndefu za joto nazo hufanya hivyo hivyo, kwa sababu maji yamepungua mwilini na damu nyingi imekimbilia kwenye ngozi na misuli. Ukiviunganisha, figo zinabanwa pande mbili. Isitoshe, kidonge hakitibu goti. Kinaizima kengele tu, wewe unaendelea kugonga palepale. Tafadhali usikimbie tena ukiwa umekimeza.

Goti moja kuuma na jingine kusalimika, tena upande wa nje, tena baada ya muda uleule, mara nyingi ni ishara ya kuzunguka upande mmoja. Njia nyingi za pevingi zimeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatiririke kuelekea mtaroni. Mguu mmoja unakanyaga chini zaidi ya mwenzake, nyonga inapinda, na mshipi mgumu unaoshuka ubavuni mwa paja unasuguana na goti kila hatua. Kwa saa moja na nusu hizo ni hatua elfu kadhaa. Badilisha upande kila baada ya dakika 20. Kama umati wote unazunguka upande mmoja, fanya raundi za kinyume mwanzoni, kabla hawajajaa, ukipita ukingo wa nje. Palipo na udongo ulioshikana pembeni ya pevingi, hamia huko walau nusu ya muda. Mchanga laini wa ufukweni usiukimbilie. Kisigino kinazama, kano yake inavutika kupita kiasi, na ufukwe wenyewe umeinama.

Kuhusu raba, soli ya chini kuwa nzima haitoshi. Kinachokufa kwanza ni sponji iliyo kati ya soli na mguu, nayo hufa hata kiatu kikikaa kabatini miaka. Weka raba mezani, utazame kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, imekwisha. Bonyeza sponji kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama mpira wa tairi, au ina mikunjo mingi midogo isiyofunguka, imekwisha. Ishike mbele na nyuma uinyonge kama unakamua nguo: isiyo na ubishi wowote haifai. Raba nzuri hudumu kilomita 500 hadi 800, na ya mtumba huwezi kujua aliyekutangulia ametumia ngapi. Kariakoo au Karume zipo nzuri, ila nenda jioni wakati miguu imeshavimba kidogo kwa joto, uvae soksi utakazokimbilia, na uhakikishe mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kucha nyeusi zinatokana na kukosa nafasi hiyo.

Pumzika wiki moja, rudi na dakika 30, kisha ongeza dakika 5 kila unapotoka. Goti likivimba, likiuma usiku ukiwa umelala, au ukiweza kuonyesha kwa ncha ya kidole sehemu moja ya mfupa inayouma, hilo si la gazetini tena, mama. Nenda hospitali.

Naomba vipimo kamili vya kinywaji cha kutengeneza nyumbani. Vya dukani ni ghali, na wengine wanasema madafu yanatosha. – Msomaji, Tabata

Maji safi lita 1, sukari vijiko 4 vya mezani vilivyosawazishwa kwa kisu (karibu gramu 50), chumvi robo kijiko cha chai, na maji ya ndimu moja. Koroga mpaka kusiwe na chembe chini. Sukari ikizidi sana kipimo hicho, tumbo halipokei haraka. Kinywaji kinabaki kinacheza tumboni na kichefuchefu kinafuata. Chumvi ikizidi utakunywa maji ya bahari. Pakiti ya ORS ni nzuri kwa aliyeharisha, lakini kwa mkimbiaji ina chumvi nyingi na nguvu kidogo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla ya kuchanganya chochote.

Kwa mbio zisizozidi saa moja, maji matupu yanatosha. Kuanzia dakika 90 kwenda juu mwili unahitaji wanga, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Nusu lita ya kinywaji hiki inakupa kama 25, na ndizi mbivu moja inakupa nyingine 25 hivi. Kunywa mafunda manne au matano kila dakika 15 au 20. Usisubiri kilomita ya 15 ndipo umimine chupa nzima.

Kiasi chako halisi kinajulikana kwa mizani. Jipime bila nguo kabla na baada. Tuseme umetoka na kilo 68.0, umerudi na 66.6, na njiani umekunywa nusu lita. Umepoteza kilo 1.4, ongeza 0.5 uliyokunywa: jasho ni lita 1.9. Kama ulikimbia saa mbili, unatoa karibu lita moja kwa saa. Kupungua mpaka asilimia 2 ya uzito hakuna shida, na kwa kilo 68 hiyo ni kilo 1.36, kwa hiyo mfano wetu uko mpakani na safari ijayo unaongeza mafunda machache. Lakini ukirudi na uzito mkubwa kuliko uliotoka nao, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kuliko kiu. Maji mengi matupu yanazimua chumvi ya damu, kichwa kinauma, mtu anatapika na anaweza kupoteza fahamu. Watu wanaokimbia pole kwa saa nyingi wakinywa kila kituo ndio hukumbwa zaidi.

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho letu limejaa sodiamu. Yanywe ukimaliza, pamoja na chakula chenye chumvi.

Chupa usiifiche nyuma ya mti. Utaikuta haipo au, vibaya zaidi, utaikuta imefunguliwa. Mwachie muuza genge unayemfahamu, au nunua maji madogo kila raundi kadhaa. Noti moja kwenye mfuko mdogo wa plastiki ndani ya kaptula haitaloa jasho.

Nipite watu kushoto au kulia? Na simu niishike wapi? – Msomaji, Upanga

Bustanini shika kushoto kama magari yetu, pita kwa kulia, na sema "samahani, napita kulia" ukiwa bado hatua tano nyuma, kwa sauti ya kawaida. Ukisema ukiwa sikioni mwake atashtuka na kuruka upande uleule unaopita. Mtoto mwenye mpira mpe nafasi ya mikono miwili, kwa kuwa mwelekeo wake haujulikani, na mzee usimtake akupishe. Wewe ndiye unayezunguka. Kikundi kisikimbie watu wanne sambamba. Wawili wawili, na mmoja mmoja panapobana.

Barabarani ni kinyume: kaa upande wa kulia ili magari yaje mbele ya macho yako. Hata vishandu, yaani waporaji wa simu, hupenda kuja kwa nyuma na pikipiki. Simu ikae kwenye mkanda wa kiunoni chini ya fulana, si mkononi, na sikio moja libaki wazi.

Assalamu alaykum. Mwezi wa Ramadhani nawezaje kutunza mbio ndefu bila kujiumiza? – Dada, Magomeni

Wa alaykumu salaam, dada. Lengo la mwezi huo liwe kutunza ulichonacho. Ukitoa theluthi mbili ya muda wako wa kawaida kwenye mbio ndefu, utaingia Shawwal ukiwa imara. Aliyekuwa anakimbia dakika 120 afanye 80.

Siku za kawaida toka jioni, dakika 30 mpaka 40 za pole sana, umalize kama dakika 15 kabla ya magharibi. Kiu haitakaa nawe muda mrefu. Mbio ndefu usiifanye muda huo. Dakika 80 mkavu, baada ya mchana mzima wa joto la Dar, hatuziungi mkono hata kwa mzoefu. Ifanye usiku baada ya tarawehe, mahali penye taa na watu, ukiwa na mwenzako. Siku hiyo futuru na tende tatu, uji na maji, uswali, ule kidogo. Mihogo na magimbi ya nazi yasubiri mpaka urudi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni saa nyingi na yatakuletea kichomi cha ubavuni kabla hujafika dakika ya 20. Kati ya futari na daku sambaza maji kidogo kidogo, maana lita mbili ukizinywa kwa mkupuo wakati wa daku zitaishia chooni kabla ya alfajiri. Hijabu ya kitambaa chepesi cha michezo, rangi ya mwanga, hukauka haraka kuliko pamba, nayo pamba ikiloa huchubua shingo. Paka mafuta ya mgando chini ya kidevu, kwapani na mapajani kabla ya kutoka.

Kizunguzungu, kutetemeka au baridi ghafla kwenye joto ni amri ya kusimama.

Katika kikundi chetu kijana mmoja alianza kupepesuka na kuongea ovyo kwenye dakika za mwisho. Alikuwa bado anatoka jasho, wengine wakasema basi si joto, apewe soda. Ilikuwa sahihi? – Kiongozi wa kikundi cha jogingi, Temeke

Hapana, na tunashukuru umeuliza. Wengi wanaamini aliyezidiwa na joto lazima awe mkavu. Mkimbiaji anaweza kuwa amelowa chapachapa huku ndani anaungua. Alama ya kuiangalia ni akili: kupepesuka, kujibu yasiyoulizwa, ukali usio wa kawaida yake, kutojua yuko wapi. Muulize leo ni siku gani na raundi ya ngapi. Akishindwa, msiendelee kujadiliana.

Mlazeni kivulini, mvueni fulana na viatu, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo huku wawili wakimpepea kwa khanga au kipande cha boksi. Maji peke yake hayatoshi, upepo ndio unaobeba joto. Tumeni mtu kwa muuza soda au muuza samaki alete barafu, iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani panapokutana na tumbo. Msimpe kitu kinywani kama hasemi sawasawa, kwa sababu kitaingia njia ya hewa. Pigeni simu ya kuomba gari tangu dakika ya kwanza, lakini kupoza kusisubiri gari, na ndani ya gari au bajaji mmoja aendelee kumwagia maji na madirisha yawe wazi. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa kuwa figo na ini huweza kuonyesha madhara siku ya pili.

Kwa Dar, joto la alfajiri ni dogo lakini unyevu wa hewa uko juu kabisa, na jasho lisilokauka halipozi. Kasi inayokufaa Juni haikufai Februari. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, katika joto na unyevu, alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Amanal Petros wa Ujerumani aliyekuwa wa pili. Kwenye majiji ya baridi washindi wa marathoni kubwa humaliza dakika kadhaa chini ya hapo. Kama mabingwa wanapunguza, kikundi cha Temeke nacho kipunguze, nusu dakika hadi dakika nzima kwa kilomita. Na kijana wenu asirudi kukimbia mpaka daktari amruhusu. Akirudi, aanze na dakika 20 za asubuhi, akiwa na mtu pembeni yake.